Mzaramo kwa Watani: Wiki Moja Tabora

Jumatano, njiani

Basi liliondoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa na begi moja, chupa ya chai ya mke wangu, na daftari lile lile ninaloandikia maandalio ya masomo. Nafundisha historia sekondari, mwaka wa kumi na mbili sasa, na kila mwaka namwambia mtoto wa watu kwamba Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Mwenyewe sijawahi kufika. Dada yangu kaolewa huko tangu 2014, na kila likizo ya Desemba nilikuwa na udhuru mpya.

Mpaka Dodoma nililala. Tulipoipita Itigi tairi la nyuma likapasuka, abiria tukashuka, wengine wakaingia porini kuchimba dawa, wengine wakaanza kumsaidia fundi kwa midomo. Vichaka vya Itigi si pori la kuonea mbali. Vimeshikana kama kamba za mkeka, na ukitazama hatua kumi ndani huoni kitu. Nikakumbuka kwamba watu walipita humu kwa miguu, na mzigo begani. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, karibu kilo 32, na toka Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, hadi pwani ni zaidi ya kilomita 800. Mimi nilikuwa nanung'unikia tairi.

Nimeshuka stendi saa nne usiku. Shemeji alikuwa ananingoja na pikipiki. Hakunipa hata pole ya safari.

"Mzaramo, umefika? Hongo iko wapi?"

Utani wetu na Wanyamwezi ni wa njia ile ile ya misafara, kwa hiyo nilijua nimepatikana. Babu zangu waliwatoza babu zake hongo, ushuru wa njia wa vitambaa na shanga, ili wapite Uzaramo, na Wagogo wakawatoza tena mbele. Hili huwa nalifundisha darasani kwa sura kavu kabisa. Kumbe kuna mtu alikuwa ananingojea na deni.

Alhamisi

Asubuhi nilifundishwa salamu na mama mkwe wa dada, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi, nami nikafuata. "Mwangaluka," naye anaitikia hivyo hivyo. Kiamsha kinywa chai na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa vikakatwa na kuanikwa. Wenyeji husema jina la Tabora limetokana na hivyo. Zamani wasafiri waliuita mji huu Kaze, na nchi yenyewe ni Unyanyembe, lakini nakiri jina la chakula limenikaa vizuri zaidi.

Tukaanza na stesheni. Jengo la Wajerumani, paa lake limechongoka kama la kule walikotoka, na chini yake abiria wamelalia mabegi kama abiria wa stesheni yoyote. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapa 1912, ikagusa Kigoma 1914. Tawi la Mwanza likaja baadaye, 1928, wakati wa Mwingereza. Nilisimama pale palipo na njia nyingi za reli nikawaza kwamba barabara ya wapagazi ilizikwa kwa miaka miwili hiyo. Aliyekuwa akienda pwani kwa miezi akarudi na kitambaa cha mke, sasa angekwenda kwa siku, au asingehitajika kabisa.

Boma la Wajerumani lipo juu kidogo, jeupe, na ni la jeshi sasa. "Weka simu mfukoni," shemeji aliniambia kabla hata hatujalikaribia, na nikaiweka. Tukapita taratibu kama watu wanaokwenda msibani. Kwa hiyo sina picha, nina maelezo tu.

Hapa ndipo huwa nawasimulia wanafunzi habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe. Aliwasumbua Wajerumani, akawakatalia, wakamjia mara ya kwanza na ya pili wakashindwa. Januari 1893 akaja Tom von Prince, yule waliyemwita Bwana Sakarani, ngome ikavunjwa. Isike akaingia ghala la baruti na kulilipua akiwemo ndani, asishikwe. Wanafunzi wanaipenda habari hii kuliko zote, na hakosekani mmoja wa kuuliza: "Kaburi lake liko wapi, mwalimu?" Nilimuuliza shemeji. Akanyoosha mkono kuelekea mjini kwa ujumla, soko, mabati, minara ya simu, akasema, "Humu."

Kuna jambo jingine nililikuta kichwani wakati tunashuka. Vita Kuu ya Kwanza ilipowakata Wajerumani na kwao, walipungukiwa fedha, wakageuza karakana ya reli ya Lulanguru, karibu na hapa, kuwa kiwanda cha sarafu. Mwaka 1916 wakafua rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, tembo upande mmoja na mlima nyuma yake. Wakusanyaji wa sarafu huko Ulaya huziita "za Tabora" na kuzinunua kwa bei ya kiwanja. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauchukua mji kwa askari wao wa Kongo. Mpaka leo katikati ya Brussels kuna mtaa unaoitwa Tabora. Shemeji alisikia hayo akacheka sana. "Kwa hiyo na wao wana Tabora, lakini hawana maembe."

Maembe kweli. Ni msimu, yamejaa chini ya miti mpaka mbuzi wameyachoka.

Ijumaa, Kwihara

Hii ndiyo siku niliyoijia, kwa hiyo mnivumilie.

Kwihara iko kilomita chache kusini-magharibi mwa mji. Tulipanda pikipiki moja watu wawili, njia ya vumbi ambalo mvua imeanza kulituliza, na miembe mikubwa pande zote mbili. Kila mtu Tabora atakwambia miembe hii ni ya njia ya misafara. Wapo wanaosema Waarabu waliipanda kwa ajili ya kivuli, wapo wanaosema watumwa walikula embe wakatupa kokwa. Hadithi ya pili ndiyo hupendwa na wageni, maana inaliza. Mimi nikiitazama ile mistari ilivyonyooka nadhani kuna mtu alipanda makusudi. Kokwa iliyotupwa haijipangi.

Nyumba tuliyoijia, ile iitwayo ya Livingstone, ni tembe, kuta nene za udongo, dari tambarare, mlango wa kuchongwa wa kipwani, ua katikati. Ile ya asili ilibomoka, hii ilijengwa upya 1957 mahali pale pale. Mlinzi alitoka kwa jirani, akatufungulia. Nikatoa kiingilio, shemeji akakipokea kwa macho tu: "Leo Mzaramo ndiye analipa hongo. Andika tarehe."

Ndani ni giza la baridi. Kuna nakala za barua, ramani na picha za zamani zilizofifia kidogo. Mlinzi akatupa habari kwa mpangilio ambao naujua kama ninavyoujua Wimbo wa Taifa. Stanley, mwandishi wa gazeti, alifika hapa Juni 1871 akimtafuta Livingstone, mmisionari na mpelelezi. Njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa na Mirambo, mtemi wa Urambo, ambaye alikuwa amegombana na Waarabu wa Tabora juu ya biashara na ushuru wa njia. Stanley akajiunga na Waarabu kwenda kumpiga. Wakapigwa wao. Agosti Mirambo akauchoma mji wa Tabora wenyewe, na Stanley huku Kwihara akitoboa matundu ya bunduki ukutani, bendera ya Marekani juu ya paa. Septemba akazunguka kusini, akafika Ujiji kwa njia ya mbali, mengine mnayajua. Februari 1872 akarudi hapa na mzee. Machi 14 Stanley akaondoka kwenda pwani, Livingstone akabaki katika nyumba hii kungojea watu na mahitaji, mpaka Agosti 25.

Hayo yote nimeyafundisha. Nilitikisa kichwa kila tarehe, kama anayesahihisha mtihani.

Kisha mlinzi akasema, karibu kama jambo la ziada, "Na maiti yake ilipita hapa."

Nalo nalijua, lakini kwa sentensi moja. Kitabu cha darasani kinaipa sentensi moja. Livingstone alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Abdalla Susi na James Chuma, walizika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga katika gome la mti na turubai, wakaondoka nao kuelekea bahari. Hakuna Mzungu aliyewaamuru, kwa kuwa hakuwepo. Oktoba wakafika hapa Kwihara. Hapa wakamkuta Mwingereza, Luteni Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone na amechelewa. Cameron akawaambia, kwa nia njema labda, kwamba njia ya mbele ni ya hatari, wamzike hapa hapa.

Wakakataa.

Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango. Nyumba hii inaitwa kwa jina la Livingstone, naye alikuwa mpangaji tu. Lakini nikiulizwa ni neno gani kubwa lililowahi kusemwa Kwihara, nadhani ni lile "hapana" la watu ambao kazi yao ilikuwa kubeba. Wangeweza kuutua mzigo. Ofisa wa Malkia kawaruhusu. Na bado pwani ilikuwa mbali, na kila kijiji kiliogopa maiti. Walipotoka hapa walizuiwa njiani, wakafanya ujanja: wakajifanya wanairudisha maiti Unyanyembe kuzikwa, wakapeleka bunda la uongo nyuma, na mwili halisi wakaufunga upya uonekane robota la kitambaa. Mzigo kama mizigo mingine. Wakafika Bagamoyo Februari 1874. Aprili mzee akazikwa London, Westminster Abbey.

Nilimuuliza mlinzi kama kuna mahali pameandikwa majina ya Susi na Chuma kwa herufi kubwa. Akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, majina unayo wewe. Waandikie wanafunzi."

Shemeji, ambaye muda wote huo alikuwa anakula embe nje, aliuliza tunaondoka lini. Nikamwambia kati ya wale wabebaji lazima kulikuwa na Wanyamwezi. Akafuta mkono kwenye suruali. "Sasa ulidhani walikuwa Wazaramo? Nyinyi mngeitoza hongo ile maiti."

Jumamosi

Mvua tangu alfajiri. Dada akapika uyoga na karanga, nikala mpaka nikaona haya. Mchana ilipokatika tukapita Tabora Boys, imefungwa, tukaitazama kutoka nje ya uzio. Shule ya 1922, Nyerere aliingia 1937. Baada ya Makerere akarudi mji huu huu kufundisha St. Mary's, shule ya wamisionari. Mwalimu mwenzangu, nikajisemea, japokuwa hatulipwi sawa.

Januari 1958 TANU walikutania hapa Tabora kuamua kama waingie uchaguzi wa kura tatu, ambao mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, wote kwa pamoja. Wengi walitaka kususa. Nyerere akawageuza. Zuberi Mtemvu akatoka na kuunda chama chake. Unaitwa Uamuzi wa Busara, na unakuja kwenye mtihani karibu kila mwaka. Shemeji anadai jengo lilikuwa huku, rafiki yake wa kijiweni anadai lilikuwa kule, wakabishana kuanzia kahawa ya kwanza hadi ya nne. Nimeacha.

Jumapili

Mimi ni Mlutheri, wa Maneromango. Shemeji ni Mkatoliki, Bibi ni Mmoravian wa Sikonge. Kwa hiyo Jumapili katika nyumba hii hupangwa kama ratiba ya treni.

Misa ya kwanza tukaenda Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresia. Ni Majilio, altare imevikwa zambarau, mishumaa miwili imewashwa kati ya minne. Nilikaa nyuma, na ilipofika komunyo nikabaki kwenye benchi na watoto na bibi mmoja aliyekuwa amesinzia. Kwaya ilianza taratibu, halafu ngoma zikaingia, nikasikia mdundo ambao Maneromango hatunao. Sitaueleza. Ukienda, kaa upande wa kwaya.

Baada ya misa nilizunguka nje. Jimbo hili lina mizizi mirefu. Msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe ulitoka Bagamoyo Juni 1878, mkuu mmojawapo, Padri Pascal, akafia njiani Ugogo, waliobaki wakafika Tabora na hapa wakagawana: wengine kaskazini kwenda Nyanza na Buganda, wengine magharibi kwenda Ujiji, ambako waliingia Januari 1879. Nimesoma habari zao kwenye vijitabu vya kanisa, zinaeleza homa, njaa, ujasiri wa mapadri. Altare za kubebeka, divai ya misa, vitabu, dawa, vyote vilisafiri juu ya mabega ya watu. Nikawa naihesabu ile mizigo kichwani. Kwihara imeniharibu, kila kitu naona robota.

Jimbo kuu lilitangazwa 1953. Askofu Mkuu Marko Mihayo alilishika toka 1960, na leo jina lake liko kwenye chuo kikuu cha hapa mjini. Kardinali Protase Rugambwa ndiye aliyekabidhiwa karibuni, na shemeji anamtaja kwa namna watu wa Mwanza wanavyotaja samaki wao.

Mchana Bibi akasema sasa zamu yake. Kanisa la Moravian ni la kimya zaidi. Ukutani yupo yule Mwanakondoo na bendera, "ameshinda, tumfuate". Wamoravian waliipokea misheni ya Urambo mwaka 1898 kutoka kwa wamisionari wa London, wakaenea mpaka Sikonge alikozaliwa Bibi, na Tabora ndiyo makao ya jimbo lao la magharibi.

Nikamsimulia Bibi habari ya mmisionari wao mmoja, Edmund Dahl, aliyekaa na Wanyamwezi akasikia kitu masikioni. Mswahili akisema tatu, Mnyamwezi anasema "datu". Konsonanti mbili zisizo na mghuno, yaani zisizotetemesha koo kama t na k, zikiwa katika silabi zinazofuatana, ya kwanza inapata mghuno, t ikawa d. Wanaisimu waliuona utaratibu huo katika lugha nyingine za Kibantu pia, Kikuyu kikiwamo, wakaupa jina lake, na mpaka leo vyuoni inafundishwa Kanuni ya Dahl.

Bibi alisikiliza vizuri. Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, kunisikilizisha: "Imo, ibili, idatu, ine, itaano." Akanitazama. "Sasa hiyo aligundua nini? Mama yangu alihesabu hivyo."

Wabeja, asante, Bibi. Sina jibu.

Jumatatu

Kipalapala, nje ya mji. Kila aliyekulia karibu na Wakatoliki Tanzania amelisoma jina hili bila kujua ni mahali. Liko chini ya ukurasa wa mwanzo wa vitabu vya sala na vya hadithi: TMP, yaani Tanganyika Mission Press, Tabora, Kipalapala. Jirani yetu Maneromango alikuwa nacho kimoja, kimefungwa kwa karatasi ya sukari, na mimi utotoni nilidhani Kipalapala ni jina la mwandishi.

Ni seminari kuu, Mtakatifu Paulo. Mapadri wa nchi nzima wamepita hapa, Kardinali Polycarp Pengo mmojawapo. Hatukuwa na miadi, hivyo tuliona njia, miti na frateri mmoja mwenye kandambili akibeba ndoo. Alitusalimia kwa heshima kana kwamba tumekuja kukagua. Miti ni mizuri. Kimya kile kingenifaa wakati wa kusahihisha.

Tukarudi mapema. Jioni nilipanga begi, dada akalipangua, akalipanga upya.

Jumanne, kuondoka

Saa tisa usiku dada ananiamsha. Mlangoni kuna dumu la manjano la lita ishirini, mdomo umezibwa kwa nailoni na kamba.

"Asali ya mama," anasema, yaani mama yetu, Maneromango. "Na hiyo michembe ya mke wako. Na maembe kidogo." Michembe ni viazi vitamu vikavu, na maembe kidogo ni kiroba.

Pikipiki haikuweza kuingia uchochoroni, mvua ya usiku ilikuwa imechimba. Mpaka barabarani ni kama mita mia tatu. Shemeji alichukua kiroba cha maembe na begi langu, akanifanyia ishara na kidevu. Dumu.

Nililiinua. Nikapiga hesabu pale pale gizani, ugonjwa wa walimu: asali ni nzito kuliko maji, lita ishirini ni kilo 28. Hazijafika frasila mbili. Nikalitua baada ya hatua arobaini, nikabadilisha bega, nikatua tena penye mwembe wa jirani. Bibi alikuwa ametoka na kanga mbili mwilini na tochi ya simu, anatumulikia njia, na nilimsikia akimwambia dada kwa Kinyamwezi kitu kilichowachekesha wote wawili.

"Amesemaje?" nikamuuliza shemeji.

"Anasema Mzaramo hajui kubeba. Weka kichwani."

Nikaweka kichwani.

"Haya, songa," akasema. "Pwani mbali."